Maswali Yenu: "Afande, hoja yako iko wapi?"

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya uandishi kwenye vyuo vya jeshi, mistari sita hivi, nikadhani yameisha, kumbe ndo nimechokoza mzinga. Barua zimekuja mpaka mhariri kaniuliza kama nimegeuza safu kuwa kambi. Siku hizi lakini inaeleweka, Monduli kuna shahada ya sayansi ya kijeshi, Lanet kule Nakuru Wakenya wana chuo kikuu kizima cha ulinzi tangu 2021, kwa hiyo ofisa ambaye zamani alimaliza kozi kwa kwata, ramani na mtihani wa karatasi mbili sasa anadaiwa tasnifu. Mimi ni raia, ila nilifundisha uandishi miaka mingi kwenye chuo kimoja cha aina hiyo, jina naliacha, nimekula sana mesi na wino mwekundu nimemaliza chupa. Tuanze na mwenye hasira.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Meja, miaka 17 kazini, sasa niko kozi. Kikosini mimi ndo nilikuwa naandika amri za operesheni na ripoti zote, mkuu wangu anasaini bila kugusa hata nukta. Hapa nimeandika insha kuhusu mapigano ya Tanga ya 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, maneno elfu tatu, imerudi na maandishi mekundu: "Hii ni ripoti. Hoja yako iko wapi?" Na C juu yake. Lekchara mwenyewe kijana wa kiraia, hata handaki hajawahi kuchimba. Nakuambatanishia ukurasa wa kwanza uone. (Meja mwenye hasira)

Marahaba afande. Ukurasa nimeusoma mara mbili na samahani, kijana yuko sawa. Ila hajakuelezea, na hapo ndo kosa lake lilipo, maana kuandika "hoja iko wapi" kwa mtu ambaye hajawahi kuombwa hoja ni sawa na kumwambia kuruta "lenga vizuri" halafu ukaondoka.

Nianze na unachokijua. Amri ya operesheni ina vichwa vitano unavyoweza kuvitaja ukiwa usingizini: hali, jukumu, utekelezaji, utawala na lojistiki, ukamanda na mawasiliano. Anayeisoma hataki kujua usiku kucha ulibishana na nani, anataka kujua anatoka saa ngapi na anaelekea wapi. Ndo maana amri haina "kwa sababu". Na ni sahihi isiwe nayo. Sasa nikuulize, kabla ya hiyo amri uliandika nini? Uliandika tathmini ya hali. Ukaweka njia tatu mezani, hii ya kushoto ina maji lakini iko wazi, hii ya kulia ina kificho ila daraja bovu, ya katikati adui anaitegemea, ukazipima, ukachagua moja na ukajua kabisa kwa nini zile mbili umeziacha. Halafu ukaifungia kwenye faili na ukatoa amri safi. Insha, afande, ni ile tathmini uliyoifungia. Chuo hakikuombi kitu kigeni, kinakuomba ufungue faili.

Tuje Tanga. Aya yako ya 1 (na tafadhali ondoa hizo namba za aya, kwenye insha hatuhesabu aya kama magunia) inasema kikosi cha Waingereza kutoka India, askari kama 8,000 chini ya Meja Jenerali Aitken, kilifika Tanga tarehe 2 Novemba 1914, tarehe 4 kikashambulia, tarehe 5 kikarudi melini. Yote kweli. Kwa hiyo? Aya ya 2 unaorodhesha vikosi. Kwa hiyo? Aya ya 3 unaleta nyuki waliowauma Waingereza vitani, na kila mtu akiandika Tanga lazima alete nyuki, mi mwenyewe nawapenda, lakini nyuki wale waliwauma na wa upande wa pili pia. Kwa hiyo? Chukua penseli, pembeni ya kila aya andika hilo neno, na kama aya haina jibu basi hiyo aya ni sitrepu, ripoti ya hali tu.

Sasa angalia mwanzo mwingine, nimeuandika mezani kwangu hapa kwa dakika kumi na ukweli ni ule ule wako: "Waingereza walishindwa Tanga hasa kwa sababu walimpa adui muda. Asubuhi ya tarehe 2 nahodha wa meli ya kivita Fox alimtaarifu mkuu wa wilaya wa Kijerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha, lakini shambulio kubwa halikuja mpaka mchana wa tarehe 4, na katikati hapo reli ya kutoka Moshi ilikuwa inashusha askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani." Umeona? Sijaongeza tukio hata moja. Nimesimama mahali, na sasa msomaji anaweza kunipinga, na akinipinga ndo insha imeanza. Atasema: mwalimu, hata wangefika kimya kimya wangeshindwa tu, wale askari walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wengi hawajafundishwa vya kutosha, na Aitken hakufanya upelelezi wa maana na msaada wa KAR, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza walioijua nchi, aliukataa. Hilo pingamizi ni zito, usilikimbie, liandikie ukurasa mzima, kisha ujibu. Labda mwisho wa safari utakuta pingamizi ndo lina nguvu kuliko hoja yako, basi badilisha hoja. Nimeona watu wanalia kwa hilo lakini hakuna aliyekufa.

Na jambo moja kwenye ukurasa wako limenishtua kidogo. Umemnukuu Meinertzhagen mara nne, yule ofisa wa intelijensia wa Kiingereza, kwamba shajara yake inasema hivi na hivi. Ni kweli alikuwepo Tanga. Ila shajara zake zilichapishwa miaka mingi baadaye, na watafiti walioziangalia vizuri wamekuta mambo mengi kayapamba au kayaandika upya, tena mtu huyo huyo kwenye elimu ya ndege, hawa wenye manyoya, aligundulika alikuwa na vielelezo vya wizi na vya uongo. We ungepewa taarifa na mtoa habari wa namna hiyo kijijini ungepeleka kombania bila kuuliza mtu wa pili? Usingepeleka. Basi na kwenye insha fanya vivyo hivyo, aliyekuwepo anaweza kudanganya, aliyeandika kesho yake na aliyeandika baada ya miaka arobaini sio mashahidi sawa. Linganisha na kumbukumbu za Lettow-Vorbeck mwenyewe, naye anajisifu pake, kisha na historia rasmi ya Waingereza, ambayo nayo ina sababu zake za kuwa mpole kwa majenerali wao. Hapo unaanza kupata B.

Ah, na yule kijana mchukulie tu chai mesi. Mwulize kwa nini, atakueleza, wanapendaga kuulizwa.

Mwalimu habari. Mume wangu ni Kapteni, mimi nafundisha sekondari. Kila jioni ananiletea laptopu, "mama nanihii, nirekebishie kidogo hapa", mwanzo ilikuwa koma na nukta, sasa naona kama vile nusu ya kazi naandika mimi na yeye anaangalia mpira. Juzi kasema wenzake wanatumia ile programu ya AI inayojibu kila kitu au wanalipa mtu mjini, bora mimi mkewe. Je ni kosa? (Mama Nanihii)

Ni kosa, pole sana, na wewe unalijua ndo maana umeandika. Anayelipa mtu, anayeiambia mashine imwandikie na anayemwachia mke, wote kosa lao ni moja, jina kwenye jalada ni la mtu ambaye hakufikiri. Vyuo vingi kazi inapitishwa kwenye programu ya kutafuta mfanano, lakini mimi hata programu sikuwa naihitaji, ukurasa wa 4 ofisa anaandika kama ofisa, ukurasa wa 5 ghafla anaandika kama mwalimu wa fasihi mwenye huzuni.

Fanya hivi. Laptopu usiiguse tena kabisa. Mwambie akusomee kwa sauti, we kaa na kahawa yako, na pale usipoelewa sema "sijaelewa", pale penye madai sema "umejuaje?". Maneno hayo mawili tu. Atakasirika siku mbili tatu, ya nne ataanza kusahihisha kabla hajafika kwako. Na mpira unaoneshwa na marudio.

Mwalimu, mimi shida yangu ni kizungu. Nawaza kwa Kiswahili, naota kwa Kiswahili, hata amri za gwaride kwetu ni Kiswahili, mguu pande mguu sawa, halafu naambiwa niandike kurasa 60 kwa Kiingereza. Sentensi zangu zinatoka ndefu kama foleni ya Mbagala. (Luteni, Dar)

Luteni mwanangu, nimesoma kazi za Waingereza wenyewe zina foleni ndefu kuliko hiyo. Lugha ni tatizo ndio, lakini mara nyingi si la kwanza. La kwanza ni kwamba unaanza kuandika kabla hujajua unasema nini, na ukiwa kwenye lugha ya pili mambo mawili hayo yanakupanda kichwani kwa pamoja, kutafuta wazo na kutafuta neno. Yatenganishe. Chukua simu, jirekodi dakika tatu kwa Kiswahili kama unamsimulia mwenzio lindoni: nataka kusema nini, nina ushahidi gani, nani atabisha. Sikiliza. Kama hata mwenyewe kwa Kiswahili hujajielewa, kamusi ya Kiingereza haitakusaidia. Kama umejielewa, andika mawazo hayo kwa vijisentensi vifupi vifupi, kimoja wazo moja, uungaji utakuja drafti ya pili.

Halafu kuna mzigo tunaoubeba kutoka barua za kiofisi: "napenda kuchukua nafasi hii", "kama tujuavyo sote", "rejea mada tajwa hapo juu". Ukizitafsiri zote kwenda Kiingereza unapata ukurasa mzima ambao haujasema kitu. Jeshi la Marekani, na wao wana makaratasi kuliko sisi, kwenye kanuni yao ya barua namba 25-50 wameandika kwamba maandishi yanayofaa ni yale msomaji anayaelewa akiyasoma mara moja tu tena haraka, na jambo kuu liwe juu, sio chini. Hiyo ni tabia ya kijeshi nzuri na nakuomba uje nayo chuoni, usiiache getini. Kuna watu wakiingia chuo wanadhani usomi ni kuandika visivyoeleweka, wanatupa ule uwazi wao wote wa kikosini wanavaa maneno makubwa kama koti la kuazima.

Ila angalizo, uwazi sio ukali. Kwenye amri unasema "adui atapita mtoni". Kwenye tasnifu kama una vyanzo viwili tu unasema "inaelekea alipita mtoni". Hilo "inaelekea" maofisa wengi linawakaa kooni, wanaona kama uoga. Lakini afisa wa intelijensia kila siku anakuambia taarifa hii ni ya uhakika na hii ni ya kudhaniwa tu, na humwiti mwoga.

Shikamoo. Tasnifu yangu inahusu mafunzo ya vikosi vya akiba na nilichokipata kinapingana na alichowahi kuandika mkuu mmoja mstaafu, mtu mzito sana, na mmoja wa wanaonisahihisha alikuwa chini yake. Wenzangu wananiambia "bana kula bati, chukua digrii yako nenda". Nifanyeje? (Mwenye mashaka)

Marahaba. Swali hili nimeulizwa zaidi ya mengine yote na huwa linaulizwa kwa kunong'ona, kwenye korido, mlango ukiwa nusu wazi.

Sitakudanganya kwamba hakuna gharama. Mwaka 1920 ofisa mmoja kijana wa Marekani aliandika makala kwenye jarida la askari wa miguu, akasema vifaru visiwe vya kutambaa nyuma ya askari kwa mwendo wa mguu, viwe na kasi na vitumike kwa wingi. Akaitwa na mkuu wa askari wa miguu akaambiwa mawazo yake si mabaya tu, ni ya hatari, na akichapisha tena kinachopingana na mafundisho rasmi atafikishwa mahakama ya kijeshi. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe, kwa hiyo kumbuka niliyomwambia Meja hapo juu kuhusu wanaojisimulia. Alinyamaza. Jina lake Dwight Eisenhower, na 1944 alikuwa anaongoza majeshi ya washirika kuvuka kwenda Normandy, na vifaru tele.

Wewe lakini hauko jaridani, uko chuoni, na chuo ndo mahali pekee jeshini ambapo kubisha ni kazi uliyopangiwa. Cha kwanza, mwandike huyo mkuu kwa heshima kuliko wanavyomwandika wanaomsifu: eleza hoja yake kwa ukamilifu, kwa nguvu zake zote, mpaka yeye mwenyewe akisoma aseme "huyu kanielewa". Wanafunzi wengi hapa ndo wanapoharibu, wanamfupisha mtu kwa sentensi moja dhaifu halafu wanaipiga. Pili, onesha kilichobadilika. Mara nyingi mkuu aliyeandika zamani alikuwa sahihi kwa hali ya wakati ule, watu wale, bajeti ile, na wewe una takwimu za hali nyingine, kwa hiyo unaendeleza alipoishia, na hiyo sio hila ya kujipendekeza, ndivyo elimu inavyokwenda. Tatu, cheo kiache kwenye ukurasa wa shukrani. Ndani ya mwili wa kazi "Jenerali mstaafu fulani anasema" haina uzito kuliko "fulani anasema", kinachopimwa ni ushahidi wake na ushahidi wako.

Na mwone supavaiza wako mapema kabla ya drafti ya mwisho, mwambie wazi: sura ya 4 inapingana na fulani, naomba uipige kwa nguvu. Akikuta shimo, umepona. Asipokuta, siku ya kutetea hutakuwa peke yako mle chumbani. Kula bati ukitaka, mimi sitakulaumu, nina watoto pia. Ila usiniletee mimi kusahihisha.

Mwalimu, nilikuwa Kongo na ile brigedi ya kuingilia kati ya UN 2013. Nimeona mambo kwa macho yangu. Supavaiza anasema siwezi kuandika "niliona" na mkuu wa kozi anasema niangalie siri. Sasa nitaandika nini jamani? (Sajini aliyepanda)

Hongera kwanza kwa kupanda, na pole na safari ile.

Wote wawili wana haki kidogo, ila umewaelewa vibaya. Mkuu wa kozi anaongelea mipango, nyaraka zenye muhuri wa siri, majina, masafa ya redio, vitu ulivyovijua kwa sababu ya kazi. Hivyo viache kabisa, hata kama unadhani vimepitwa na wakati, na chochote chenye utata kipeleke kikapitiwe kabla ya kukabidhi. Lakini jiulize kiasi gani cha kazi yako kiko wazi mtaani tayari. Azimio la Baraza la Usalama namba 2098 la Machi 2013, lililoiunda brigedi na kuipa ruhusa ya kushambulia, lipo, lisome neno kwa neno. Kwamba ilikuwa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kila gazeti liliandika. Ripoti za Katibu Mkuu kwa Baraza zinatoka kwa vipindi na zina tarehe na maeneo. Waasi wa M23 walivyoondolewa mwishoni mwa mwaka ule kumeandikwa sana. Ukizipanga hizo utashangaa, robo tatu ya uliyoona ina chanzo cha wazi unachoweza kukitaja.

Na ile "niliona" haijakatazwa, kinachokatazwa ni kuitumia kama rungu, "mimi nilikuwepo, nyamazeni". Kuwepo kwako kutumie kuchagua swali. Raia aliyesoma ripoti zote hizo hatajua kuuliza, kwa mfano, azimio lililoandikwa kwa Kiingereza New York lilifikaje kwa askari wa Kitanzania barazani kwa mwanakijiji wa Kivu, wakati wote wawili wanaongea Kiswahili ila cha huku na cha kule havifanani, na "tulinde" inamaanisha nini kwa kila mmoja wao. Wewe uliisikia hiyo. Chukua hilo swali, nenda nalo kwenye vyanzo, uone kama kuna aliyewahi kuligusa.

Daftari ulilokuwa nalo kule kama bado unalo, usilinukuu, lakini usilitupe. Lisome usiku kabla ya kuandika sura ya kwanza, kisha lifunge, lirudishe kabatini, ndo uwashe kompyuta.